Bima ya Afya kwa Wote na Kahawa Iliyo Mtini

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma, Matiri, Wilaya ya Mbinga)



Mmeniita nizungumze juu ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, nami nimekuja nayo mkobani. Sikusudii kuisoma kifungu kwa kifungu, kwani kuwasomea walimu jambo wanaloweza kulisoma wenyewe ni kuwapotezea wakati. Nataka kuanza na neno ambalo halimo kabisa katika sheria hiyo, wala sikulisikia likitajwa katika mjadala mrefu uliotangulia kupitishwa kwake. Neno lenyewe ni magoma.

Ninyi mnaoishi Umatengo hamna haja ya kuelezwa magoma ni nini. Lakini mazungumzo haya yatachapishwa gazetini, na msomaji aliye Tanga au Tabora huenda halijui. Magoma ni kuuza kahawa ingali mtini. Mkulima aliyefikwa na shida mwezi wa Januari au Februari humwendea mwenye fedha, akapewa kiasi fulani, naye akaahidi kulipa kwa magunia ya kahawa msimu utakapofika. Bei hukatwa na mwenye fedha. Ndugu zetu wa Kagera wanao mtindo huo huo, nao huuita butura. Viongozi wameulaani majukwaani mara nyingi, lakini ungali hai, na sababu yake kubwa ni kalenda ya kilimo chenyewe. Kahawa huleta fedha mara moja kwa mwaka, wakati wa kiangazi. Ugonjwa huja wakati wowote, na ukiwa na msimu wake basi msimu huo ni masika, wakati malaria imeshamiri, njia zimeharibika na nyumba haina senti.

Naomba niseme yaliyompata mjomba wangu. Mwaka 2014 nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kikuu. Mwezi wa Februari mwanawe, mtoto wa darasa la tano, alianguka kutoka juu ya mparachichi akavunjika paja. Zahanati ya kijiji ilimfunga mbao na kumpa dawa ya maumivu, ikamwandikia barua ya kwenda hospitali. Huko hospitali, ambayo sitaitaja, mjomba aliambiwa atangulize fedha. Alikuwa na kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii mfukoni mwake, lakini muda wake ulikuwa umekwisha tangu Novemba. Si kwamba alisahau. Novemba alikuwa amenunua mbolea kwa fedha za mwisho za msimu, na Januari akanunua sare za shule. Alikusudia kuihuisha kadi, akangoja mpaka fedha ipatikane. Na hata kama kadi ile ingalikuwa hai, kadi za wakati ule zilikuwa na mipaka yake, mara nyingi hazikuvuka vituo vya afya vya karibu.

Basi mjomba alirudi kijijini usiku ule ule, akauza magunia manne ya magoma kwa bei ambayo, msimu ulipofika, tulikuta haifiki nusu ya bei ya kahawa. Mtoto alitibiwa akapona, na leo ni fundi wa pikipiki. Lakini mwaka ule hapakuwa na fedha ya mbolea, mwaka uliofuata mavuno yakawa haba, na dada yake aliyekuwa amechaguliwa kwenda sekondari alikaa nyumbani mwaka mzima. Paja moja lililovunjika lililipwa na familia nzima kwa muda wa miaka mitatu.

Ndiyo maana nasema sheria hii nitaipima kwa kipimo kimoja: je, itamwezesha mtu kama mjomba wangu kumtibu mwanawe mwezi wa Februari bila kuuza kahawa iliyo mtini? Ikiwezesha, ni sheria njema hata kama ina kasoro nyingine. Isipowezesha, basi tutakuwa tumebadilisha jina la kadi.

Tulifikaje hapa? Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Taifa liliamua kuwa tiba ni haki ya kila raia, na katika miaka iliyofuata zahanati zikajengwa vijijini kwa wingi usiowahi kuonekana kabla yake, na vituo vya serikali vikatibu bila malipo. Mwaka 1977 hospitali za binafsi za kujipatia faida zikapigwa marufuku. Hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1980 ikatubana, dawa zikaadimika. Mwaka 1991 hospitali hizo zikaruhusiwa tena, na mwaka 1993 ukaanza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu. Sitaki kufufua hapa ugomvi wa zamani kama uamuzi ule ulikuwa sawa au la. Lililo dhahiri ni kwamba tangu siku ile mwananchi asiye na fedha alisimama mbele ya dirisha la malipo, na bima ikaletwa ili kumwondoa dirishani pale.

Ililetwa kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa wa mkulima: Mfuko wa Afya ya Jamii uliojaribiwa Igunga mwaka 1996 na kutungiwa sheria mwaka 2001. Kaya inayopenda hujiunga, isiyopenda hukaa. Mlango wa pili ulikuwa wa mtumishi: Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliotungiwa sheria mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Huu haukumwuliza mtu kama anapenda. Mtumishi hukatwa asilimia tatu ya mshahara, mwajiri huongeza asilimia tatu, na kadi humhudumia mwanachama, mwenzi wake na wategemezi wasiozidi wanne. Mlango wa mtumishi ulijengwa kwa tofali, wa mkulima kwa miti na udongo. Mwaka 2018 ule wa mkulima ulikarabatiwa. Kaya ya watu sita ikawa inalipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na kadi ikafika mpaka hospitali ya mkoa. Hayo yalikuwa maendeleo. Lakini serikali ilipopeleka muswada wa sheria mpya bungeni, hesabu yake yenyewe ilionyesha kuwa Watanzania wenye bima ya aina yoyote walikuwa kiasi cha asilimia 15 tu. Kati ya watu saba, sita hawakuwa na kinga yoyote isipokuwa ndugu, mbuzi na magoma.

Sasa nije kwenye mjadala wenyewe. Muswada ulisomwa bungeni kwa mara ya kwanza Septemba 2022, Waziri wa Afya akiwa Ndugu Ummy Mwalimu. Novemba mwaka ule mjadala ukaahirishwa. Februari 2023 ukaahirishwa tena. Ulipitishwa Novemba 2023, ukasainiwa na Rais Samia Suluhu Hassan, ukawa Sheria Namba 13 ya mwaka huo. Wako waliosema kuahirishwa mara mbili ni aibu kwa serikali yenye wabunge wengi kiasi kile. Mimi naliona jambo hilo kwa namna nyingine. Bunge lile lilikuwa karibu lote la Chama kimoja, nalo lingaliweza kuupitisha muswada kwa ndiyo za kishindo katika siku moja. Wabunge wa Chama hicho hicho walisimama wakauliza: fedha ya kumlipia asiyejiweza itatoka wapi? Muswada wa kwanza haukuwa na jibu la kutosha. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 ulionyesha kuwa asilimia 26 ya Watanzania waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Huwezi kuandika katika sheria kwamba bima ni lazima kwa wote, kisha ukanyamaza juu ya mtu mmoja katika kila wanne.

Mwaka ule mmoja wa kungoja ulizaa jibu. Sheria iliyopitishwa ina mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, na vyanzo vilivyotajwa ni pamoja na ushuru wa vinywaji baridi, vileo na vipodozi, tozo za michezo ya kubahatisha, bima za magari na miamala ya kielektroniki. Mtu anaweza kubishana kuhusu chanzo hiki au kile. Mimi mwenyewe nina wasiwasi kidogo na serikali inayotegemea kamari ili kuwatibu wajane, kwa kuwa siku tutakapotaka kuipunguza kamari tutaambiwa tunawanyima wajane dawa. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya chanzo kinachobishaniwa na chanzo kisichokuwapo.

Jambo la pili lililozua ubishi lilikuwa namna ya kulazimisha. Muswada wa kwanza ulitaka mtu aonyeshe bima kabla ya kupata leseni ya udereva, leseni ya biashara, hati ya kusafiria, laini ya simu, kitambulisho cha taifa, na hata kabla ya kijana kupokewa kidato cha tano. Naunga mkono bima kuwa ya lazima, na sababu yangu nitaitoa hivi punde. Lakini ninyi walimu mnajua maana ya kumsimamisha mtoto mlangoni mwa shule kwa kosa la mzazi. Mtoto wa mkulima aliyefaulu kutoka shule ya kata, akiwa amesoma kwa kibatari, arudishwe nyumbani kwa sababu babake hana kadi ya hospitali? Huko ni kuuza kahawa iliyo mtini kwa namna nyingine. Mbunge aliyelipinga hilo hakupinga bima.

Kwa nini basi naunga mkono ulazima? Chukueni mfano wa Toto Afya Kadi. Mfuko wa Taifa ulifungua mlango kwa mzazi yeyote kumkatia mtoto bima kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Ilikuwa huruma njema. Lakini kwa kuwa ilikuwa hiari, waliokuja wengi walikuwa wazazi wenye watoto ambao tayari ni wagonjwa, na mzazi mwenye mtoto mzima aliona hana haja. Gharama zikayapita makusanyo, na Machi 2023 usajili ule ukasimamishwa, ukaacha kilio kikubwa kwa wazazi wa watoto wenye maradhi ya moyo, figo na selimundu. Hapakuwa na mwovu katika kisa hicho. Kila mzazi alifanya kilichomfaa, na wote pamoja wakauangusha mti uliowafunika. Bima huishi kwa michango ya wenye afya, na mwenye afya haleti mchango kwa hiari yake, isipokuwa wachache wenye hofu au busara isiyo ya kawaida.

Nimefika kwenye jambo ambalo najua linawakera baadhi yenu, maana nimelisikia katika ofisi za walimu na katika magari ya abiria kutoka Songea. Mnasema: sisi tumekatwa tangu 2001, hatukuulizwa; mfuko wetu umehudumia; sasa mnataka kutuingiza katika chungu kimoja na watu ambao hawajachangia hata senti. Kadi yetu itapungua nguvu. Machi 2024, kitita kipya cha bei kilipoanza kutumika na hospitali nyingi za binafsi zikatangaza kuwa hazitawapokea wenye kadi za Mfuko, hofu hiyo iliongezeka, na ilikuwa hofu ya haki. Mtu mwenye mama anayesafishwa figo hawezi kuambiwa avumilie siku chache. Zaidi ya hayo, wapo miongoni mwenu waliolazimika kuchagua ni nani ataandikwa katika nafasi zile nne, mtoto wa mwisho au mama mzazi. Sidharau malalamiko hayo hata kidogo.

Hata hivyo naomba tuitazame ile asilimia tatu ya pili. Ya kwanza inatoka mfukoni mwako, hilo ni kweli. Ya pili inalipwa na mwajiri, na mwajiri wako ni serikali, na serikali haina shamba. Inalipa kutokana na kodi. Mkulima wa Matiri anaponunua sabuni, kibiriti, soda au kifurushi cha simu, analipa kodi. Kahawa yake inapouzwa, halmashauri inachukua ushuru. Maana yake ni kwamba tangu 2001 mjomba wangu amekuwa akichangia kadi ya mwalimu wa mwanawe, ingawa yeye mwenyewe hakuwa na kadi. Hakuulizwa naye. Kwa hiyo tusiseme kuwa anakuja kula chakula ambacho hakukipika. Wazee wa Kimatengo walikuwa na sengu, mahali ambapo watu wa ukoo walikula pamoja na kukata mashauri yao. Sijasikia kwamba mtu alifukuzwa sengu kwa sababu mavuno yake mwaka ule yalikuwa madogo.

Hayo ndiyo ya haki. Lakini haki peke yake haitakusanya mchango, na hapa ndipo naona mjadala wa bungeni, pamoja na uzuri wake, uliacha pengo. Ulijadili sana ni kiasi gani mkulima atalipa. Mwaka 2022 ilitajwa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita, na shilingi 84,000 kwa mtu mmoja. Nchi nzima ilishtuka, kwani kaya iliyokuwa ikilipa 30,000 iliona inaambiwa izidishe zaidi ya mara kumi na moja. Tarakimu hizo zilikuwa za mjadala, na viwango hupangwa kwa kanuni, vinaweza kupanda au kushuka. Lililozungumzwa kwa uchache ni lini atalipa. Kwa mtu mwenye mshahara swali hilo halina maana, kwa sababu anakatwa kila mwezi. Bima za aina hii zilizaliwa Ujerumani mwaka 1883, enzi za Bismarck, kwa ajili ya watu wa viwandani waliolipwa ujira kwa siku maalumu. Chombo kizima kimefanyizwa kwa kudhani kuwa kuna siku ya malipo na karani mwenye orodha. Mkulima wa kahawa anayo siku ya malipo, lakini ni moja au mbili tu kwa mwaka, na karani wake yuko chama cha msingi cha ushirika.

Wenzetu wa Kenya wamekwisha kuonja tatizo hili. Walikuwa na mfuko wa bima ya hospitali tangu 1966. Oktoba 2023 walitunga sheria mpya ya bima ya afya ya jamii kuchukua mahali pake: mwenye mshahara akatwe asilimia 2.75, na mchango wa chini uwe shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Julai 2024 Mahakama Kuu iliibatilisha kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufani ikasimamisha hukumu hiyo, na utaratibu mpya ukaanza tarehe 1 Oktoba 2024. Wenye mishahara walikatwa mara moja, bila ubishi wa maana. Lakini mama muuza mboga na mwenye bodaboda walitakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, na wengi wakajiandikisha bila kulipa. Mwaka 2025 serikali ya huko ililazimika kuanzisha mpango wa mkopo nafuu ili watu hao walipe pole pole. Hawakukosea katika nia. Walikosea katika kalenda, na iliwagharimu miezi mingi.

Rwanda, kwa upande mwingine, ilianza majaribio ya bima za jamii mwaka 1999, na huko vikundi vya kuweka akiba vijijini, wao huviita ibimina, vimetumika kukusanya mchango kidogo kidogo mpaka kiwango cha kaya kinapotimia. Hapa kwetu vikundi hivyo tunavyo, kila mwalimu mwanamke aliyeketi hapa yumo katika kimoja, na wanaume wanajifanya hawamo.

Basi nasema wazi rai yangu. Katika wilaya hii mchango wa mkulima ukusanywe kwenye mizani ya kahawa. Tangu 2018 kahawa inapita katika vyama vya msingi na kuuzwa kwa mnada. Chama kinajua kila mkulima ameleta kilo ngapi na anastahili malipo gani. Mkulima akiamua katika mkutano wa wanachama wake, sehemu ya mchango wa kaya yake iondolewe hapo hapo malipo yanapotoka, na mwaka wa kadi yake uanze Oktoba, ili Februari imkute na kadi yenye uhai. Asiye na kilo za kutosha msimu mmoja amalizie mchango kupitia kikundi chake. Ninyi mnaotoka pwani ya Ziwa, kule Mbamba Bay na Liuli, mtaniambia kwamba mvuvi hana mizani ya kahawa. Ni kweli. Yeye ana giza la mwezi, siku zile taa zinapowaka ziwani na dagaa kuja juu. Mchango wake ufuate giza hilo, siyo tarehe aliyoipanga mtu wa Dodoma.

Najua neno ambalo mzee yeyote wa hapa atanijibu: makato. Chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, MBICU, kilipoanguka katika miaka ya 1990, kiliwaacha wakulima wakidai fedha zao, na mpaka leo ukitamka neno makato mbele ya mtu wa umri ule anakaza mkono juu ya mfuko. Hofu hiyo haifutwi kwa hotuba yangu. Itafutwa kwa stakabadhi. Mkulima akikatwa leo, kesho aone katika simu yake kwamba mchango umefika na kadi ipo hai, na orodha ibandikwe ukutani ofisini, jina kwa jina, shilingi kwa shilingi. Na fedha hiyo isilale katika akaunti ya chama hata usiku mmoja zaidi ya unaohitajika. Mkaguzi akikuta imelala, mtu ashtakiwe. Sisi waandishi tunao wajibu hapa pia, kwani mara nyingi tumeandika habari za fedha za ushirika baada ya kuliwa, na kwa nadra sana wakati zikiliwa.

Kuhusu asiyejiweza kabisa, nani atamtambua? Kompyuta inaweza kuuliza nyumba yako imeezekwa kwa nini, lakini haijui kwamba bati lile lilinunuliwa na mtoto aliyekwisha kufa. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini uliwatambua walengwa kupitia mikutano ya vijiji, na pamoja na malalamiko yake yote, kasoro zilionekana mchana kweupe na ziliweza kusemwa. Nawaomba walimu wasikwepe kazi ya uandishi katika mikutano ya namna hiyo. Mtendaji wa kijiji ana ndugu na ana maadui, ninyi mna watoto wa wote darasani, na mnajua ni nani anayekuja bila kula.

Limebaki moja, nalo ni zahanati yenyewe. Mfuko wa Afya ya Jamii haukudhoofishwa na uchache wa fedha tu. Watu walilipa, wakaenda zahanati, wakaambiwa dawa hakuna, nendeni dukani. Mwaka wa pili hawakulipa, na walikuwa na akili timamu. Kadi mpya ikikutana na kabati tupu lile lile, mwaka wa pili utakuja tena. Sheria inaweza kumlazimisha mtu kujiunga, haiwezi kumlazimisha kuamini. Mtakaposikia takwimu za waliosajiliwa zikisomwa, na zitasomwa kwa shangwe, ulizeni upande wa pili: mwezi uliopita dawa ngapi za msingi zilikosekana katika zahanati ya kijiji chenu, na kwa siku ngapi? Afisa anayeweza kulijibu swali hilo bila kufungua faili, mshikeni mkono mmpongeze. Mimi bado sijakutana naye.

Katika kampeni za 2025 Rais Samia aliahidi kwamba utekelezaji uanze ndani ya siku mia moja, kwa kuanzia na wazee, watoto, wajawazito na watu wenye ulemavu. Kuanza na hao ni sawa kwa utu. Lakini wote hao ni watu wanaohitaji tiba sana na wanaochangia kidogo, na mliosikia kisa cha Toto Afya Kadi mnaelewa kwa nini hatuwezi kukaa katika hatua hiyo kwa muda mrefu. Mkulima mzima wa afya, mwenye nguvu za kuchimba ngoro kuanzia alfajiri, anatakiwa aingie upesi, na hataingia kwa kutishiwa leseni ambayo haitumii. Ataingia akiuona mchango unakatwa siku aliyo na fedha, na dawa ipo siku asiyokuwa nayo.

Kabla ya kuja hapa nilipitia kwa mjomba. Nilimweleza ninachokuja kusema, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama kadi hiyo mpya itakubaliwa Songea au itaishia Mbinga mjini, na kama wajukuu wawili anaowalea, ambao si watoto wake wa kuzaa, wataandikwa humo. La Songea nilimjibu, kwani hata kadi za 2018 zilifika hospitali ya mkoa, na ya sasa haiwezi kurudi nyuma ya hapo. La wajukuu nilimwahidi kulileta kwenu, kwa kuwa naona humu ukumbini yupo ndugu kutoka ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Tuanze maswali kwa hilo.